Bahasha Uliyoipitisha Chini ya Mlango

Zuwena,

Bahasha yako niliipata.

Nimeanza na hilo kwa sababu mkono wangu siku hizi hauna ahadi, na nikianza na salamu huenda nikaishia kwenye salamu. Niliipata Jumatano ile ile, kabla ya magharibi, pale pale ulipoipitisha chini ya mlango wa ofisi yangu. Ndani mlikuwa na ufunguo wa kabati na karatasi uliyoiandika kwa herufi kubwa, kama unayemwandikia mtoto wa chuo cha Kurani. Haikuingia chini ya zulia. Mfagizi hakuizoa. Hukukosea mlango. Miaka kumi na minane nilikwambia sikuiona, nawe ukaniamini, kwa kuwa hukupata kunisikia nikisema uongo isipokuwa ule tuliokuwa tukiusema pamoja.

Sasa nakusalimu, kama wanavyosalimiwa watu wa makaburini: nyinyi mmetangulia, sisi tuko nyuma yenu. Mimi siko nyuma sana. Figo zimechoka, miguu imejaa maji, na tangu siku ya hitima yako sijazishuka ngazi za nyumba hii. Unazijua ngazi za Mji Mkongwe, ulizilaani kila ulipokuja kunitazama. "Dokta, waliojenga nyumba hizi hawakutaka wageni," ulikuwa ukisema, ukihema. Sasa hazitaki hata mwenyeji.

Siwezi kulala, wala si maradhi. Bi Mize aliniambia neno. Tangu aniambie, nimekuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, anageuka huku na huku na hamwoni aliyempiga.

Lakini nikupe kwanza habari za maziko yako, maana ungeziuliza.

Wazee wetu wa kliniki ya Alhamisi walikuja wote. Wa Amani walikuja kwa miguu, wa shamba walikodi gari. Walilichukua jeneza lako wakenda nalo kwa hatua moja, kushoto, kulia, na hakuna aliyewaamuru. Imamu akawaambia, "Wazee wangu, jeneza huharakishwa, hili si gwaride." Mmoja akamjibu bila kugeuka, "Maalim, huyu ndiye kamanda wetu." Imamu akaishika hatua yao. Sajenti Yohana, ambaye hasali na sisi, alibaki nje ya msikiti akilinda viatu. Nilipotoka alikuwa amekwisha vipanga jozi jozi, visigino vyote upande mmoja, kama kambini. Akainama kunivisha kandambili. "Mimi zamu yangu viatu, Dokta," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye tai.

Hitima ilisomwa siku ya tatu nyumbani kwako. Mimi nilikaa barazani pamoja na wanaume. Kisomo kilipokwisha na watu wameanza kula, Bi Mize akaja kwa mlango wa uani. Nilimjua kwa mwendo. Mwanamke aliyefunga mwani baharini tangu ujana wake, mgongo wake hausemi uongo.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Bi Mize. Poleni."

"Pole weye. Mwenzio kakutoka." Akakaa kwenye kidato cha baraza, karibu na miguu yangu. "Nnakuja kukwambia wewe, maana wewe ndiye mkubwa wake kazini. Miye nshamsamehe. Nshamsamehe zamani, na leo nasamehe tena mbele yako, sitaki ende na neno langu."

"Umemsamehe nini?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyedhani ninamdhihaki. "Si ndiye aliyemuua Pandu?"

Nikaushika mkongojo wangu kwa mikono miwili.

"Kasema mwenyewe," akaendelea. "Kila Shaabani, mwezi wa Ramadhani haujaandama, huyo, kaja Bwejuu. Anavua viatu mlangoni. Nampa kiti, hakai, anakaa chini. 'Mize, nisamehe, miye ndiye niliyemuua mumeo. Ufunguo sijui niliutia wapi.' Mwaka wa kwanza nlimfukuza, Mungu anisamehe, nlimmwagia ndoo ya maji ya chumvi. Mwaka wa pili kaja tena. Wa tatu nkamwambia, mwanamke weye una wazimu, nshakusamehe, kunywa chai. Akanywa. Mwaka wa nne huyo tena! Na lile lile: nisamehe, Mize. Nkamwambia basi, njoo, lakini ukija uje na sukari."

Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mkongojo wangu ulinitoka mkononi ukabiringika mpaka chini barabarani. Watu wakadhani ni udhaifu. Wakaniletea maji.

Zuwena. Kila Shaabani? Mara kumi na nane?

Mimi sikujua. Wallahi sikujua. Nisingelala hata siku moja kama ningejua. Au ningelala? Hili ndilo swali linaloninyima pumzi. Nilikuwa na hakika kwamba uongo wangu haukumwangukia mtu yeyote. Kamati ya uchunguzi ilikaa, ikaandika kwamba ilikuwa ajali na hakuna wa kulaumiwa, karatasi zikafungwa. Nikajiambia: hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna aliyefungwa, Zuwena amerudi Alhamisi iliyofuata na birika lake la kahawa. Nilikutazama ukimimina na mkono wako hautetemeki. Nikasema, alhamdulillahi, limepita.

Kumbe nilikuwa nimekuachia mauti ya mtu uyabebe peke yako, nawe ukawa unayapandisha gari kila mwaka kuyapeleka Bwejuu.

Sasa nayaona mengine. Tangu mwaka ule hukupata tena kuweka kitu mahali ili mtu akikute. Kila kitu mkono kwa mkono. "Shika. Sema umeshika." "Nimeshika." "Sema tena." Wauguzi uliokuwa ukiwafundisha wakakupa jina, Bi Umeshika, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilidhani ni uangalifu wa uzee. Na ile siku nilipokukuta umepiga magoti mbele ya mlango wangu, unapima upenyo wa chini kwa kidole, halafu unainua ncha ya zulia. Ulikuwa umekwisha rudi kutoka Pemba, Pandu amekwisha zikwa. Hukunisikia nikija. Ulijisemea peke yako, "Bahasha ni nene kuliko hapa? Hapana, inapita, mbona inapita." Nilikuwa nimesimama nyuma yako, hatua tatu. Nilirudi nyuma, nikatoka nje, nikazunguka jengo zima ili usijue kwamba nimekuona.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nataka ujue.

Atakayeisoma barua hii baada yako hatajua tulikuwa tukifanya nini pale, basi acha nikumbushe, na wewe unisahihishe kama ulivyozoea.

Mimi ndiye niliyekuja kwako na kiburi cha chuo. Waliponipangia kliniki ya wastaafu wa jeshi, Alhamisi moja kwa wiki, vyumba viwili vya kuazima karibu na uwanja, niliona nimeadhibiwa. Nikakwambia siku ya kwanza kwamba nusu ya wazee hawa si wagonjwa, ni wavivu. Ulinichukua ukaniketisha kwenye benchi katikati yao, ukasema, "Subiri zamu yako, Dokta," ukaingia ndani. Ulinisubirisha saa nzima. Kwenye benchi lile kulikuwa na mtu mmoja mwembamba, mrefu, kofia yake ya kiua safi kabisa, ambaye kila bati la paa lilipolia kwa jua alikuwa akiinama na kunivuta bega nami niiname. Kisha ananiomba radhi kwa adabu: "Samahani, bwana. Mazoea tu." Huyo alikuwa Pandu Ame wa Bwejuu. Alikwenda vita vya Uganda akiwa kijana anayejua kupiga kasida, akarudi hawezi kukaa mahali ambapo mlango uko mbali naye. Mchana kweupe alikuwa akichimba handaki nyuma ya nyumba, na Bi Mize anafukia, na kesho anachimba.

Ulipotoka uliniuliza, "Umemwona mvivu?"

Baba yako alikuwa askari, ndiyo maana ulijua. Uliniambia kwamba alirudi akakaa miaka sita bila kula pamoja nanyi, sahani yake ikipelekwa uani, na mama yako akisema kwa majirani, "Mzee ana presha, hapendi kelele." Kwa mama yako ndiko ulikoipata ile njia yetu ya kuandika kadi. Wake wa askari hawakuwa wakikataa dawa. Walikuwa wakikataa jina. Mwanamke akija kwetu na mumewe, neno la kwanza lilikuwa, "Msiandike wazimu." Binti yuko ndani anasubiri posa, na watu wa posa huuliza: nyumba ile ina maradhi gani? Kadi ya kliniki inakaa juu ya kabati la vyombo, kila mgeni anaiona. Tuliandika presha. Presha ilikuwa ugonjwa wa heshima, wa masheha na mahaji. "Presha haijapata kuvunja posa," ulisema, na mimi nikacheka, nikaandika.

Kadi zikasema presha kwa wenye presha na wasiokuwa nayo. Ukweli ulikuwa kwenye daftari lako, kabatini, ufunguo umeufunga kwenye ncha ya kanga. Alhamisi unalifungua, unaangalia, wenye presha wanakwenda kwenye vidonge, na wale wengine unawakalisha kwenye duara la kahawa. Huko ndiko walikopona waliopona. Si kwa dawa zangu. Uliwaacha wazungumze habari za boti na za mpira mpaka mmoja anasema, kama anayesema habari ya hali ya hewa, "Jana nimemwota tena yule." Nawe unasema, "Yupi?" na unaongeza kahawa. Kisha unatoka nje kwa wake zao. Daktari gani alipata kumuuliza mke wa askari, "Na wewe, umelala?" Wewe uliuliza hilo kabla ya kuuliza habari za mume. Walikuwa wakilia kwa swali hilo tu. "Dokta," ulinifundisha, "anayeumwa hapa ni nyumba nzima. Ukimtibu mmoja umepaka rangi ukuta mmoja."

Na ulinitania sana. Mwandiko wangu, ulisema, hata malaika wa kushoto anauombea miwani. Leo nimejitahidi. Unaona herufi zinavyosomeka.

Sasa ile Jumatano.

Maryam, binti yako, alikuwa Pemba, uchungu wa mimba ya kwanza umemshika kabla ya siku zake. Ulipata habari mchana, boti inaondoka. Hukunikuta. Ulikimbia ofisini kwangu hospitali kuu, mlango umefungwa, ukaandika, ukatia ufunguo, ukapitisha. Niliporudi kuchukua miwani yangu niliiona. Niliifungua hapo hapo, nimesimama. Majina kumi na mawili. Bado ninayo, iko mbele yangu, karatasi imekuwa rangi ya chai. La nne ni hili: "Pandu Ame. SI PRESHA. Asipewe kidonge cha presha hata kimoja. Apewe kahawa, na kiti cha karibu na mlango."

Nami kesho yake nilikuwa na mwaliko. Unaukumbuka. Mkutano ule hotelini, wageni wa nje na wakubwa wa hapa, juu ya huduma kwa wastaafu wa jeshi na jamaa zao. Walitaka kusikia habari za kliniki yetu. Walikuwa wamekualika wewe pia, hilo sikukwambia. Kadi ya mwaliko ilikuwa na majina mawili. Nilijibu kwamba muuguzi hatapata nafasi, na hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya safari yako.

Kliniki ilihitaji mtu wa kushika nafasi yangu. Nikampeleka Hemed, daktari aliyekuwa amemaliza masomo mwaka ule, niliyemsomesha mwenyewe. Mtu mwangalifu, mwenye kupenda kanuni. Alikuja Alhamisi asubuhi nyumbani kwangu kuchukua maelekezo. Akaniuliza, "Kuna daftari lolote la wagonjwa, Dokta?" Bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti langu, koti lenyewe nimelivaa. Nikafikiri: akilifungua daftari lile ataona kwamba nusu ya kadi nilizozitia saini ni za uongo. Ataandika ripoti. Na leo, siku ya leo, naenda kusimama mbele za watu. Nikamwambia, "Hakuna daftari. Kadi inatosha."

Alhamisi ile Pandu alikuja peke yake. Maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mbali, na Bi Mize alikuwa kwenye mwani wake. Kadi ilisema presha, haijatulia, mwandiko wangu. Akapewa vidonge vya namna mbili. Unajua jinsi askari anavyomeza dawa. Bi Mize aliniambia juzi, alikuwa akimeza kwa saa, kama anayeingia zamu, na akiona kizunguzungu anasema daktari kasema. Jumapili aliinuka kwenye mkeka ili akatawadhe, akaanguka, kichwa kikapiga kizingiti. Wewe ulikuwa umeshuka kutoka botini siku moja kabla, una furaha ya kuitwa bibi.

Mbele ya kamati uliulizwa kuhusu ufunguo. Ukasema, "Niliupitisha chini ya mlango wa Dokta." Wakanigeukia. Nikasema, "Sikuona kitu." Nikaongeza, kwa sauti ya huruma, Zuwena, kwa sauti ya huruma: "Muuguzi alikuwa na mashaka ya mwanawe, mtu akiwa katika hali ile anaweza kudhani amefanya jambo." Na nilikuona ukifikiri. Nilikuona pale pale unaanza kuacha kuyaamini macho yako na mikono yako. Ukasema polepole, "Labda. Labda sikuupitisha."

Hukumwuliza tena mtu. Uliniacha na heshima yangu, ukaenda kubadilisha kazi yetu. Tangu siku ile hukutaka presha iwe kanga ya kufunikia. Ulipita nyumba kwa nyumba, Amani, Bwejuu, kila palipokuwa na mzee wetu, ukakaa na mume na mke na watoto wakubwa, ukawaambia jina la ugonjwa kama lilivyo, kwamba ni jeraha la vita kama la mguu. Miaka ilipita kabla hawajakubali. Nilidhani ni hekima tu iliyokusukuma. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ni mpango wetu, mimi na wewe.

Leo anayeshika nafasi yako ni yule muuguzi wako mwenye sauti ndogo, uliyekuwa ukimwambia apaze sauti, hawa wazee masikio yao waliyaacha vitani. Alikuja kunitazama jana. Anasema Alhamisi ya kwanza baada yako wazee walikaa kwenye duara, hakuna aliyegusa kikombe. Mwishoni Sajenti Yohana akasema, "Bi mdogo, mimina. Mwenyewe angetutukana kwa kuipoza." Akamimina. Anasema kadi zote sasa zina ukweli, na binti wawili wa wazee wetu wameolewa mwaka huu, kadi ziko juu ya kabati. Nilimsikiliza nikatazama ukutani. Lile umelijenga wewe ukiwa na mzigo usiokuwa wako mgongoni.

Nimemwita Maryam. Nimemweleza ya bahasha. Hakunitukana, ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyekuwa nazaa siku ile. Mama alikuwa akimtazama mwanangu kila siku ya kuzaliwa kwake, halafu anatoka nje. Nilidhani hampendi." Hilo nalo. Sikujua na hilo.

Basi ahadi yangu ni hii. Maryam atakwenda Bwejuu, Jumapili hii, kabla Shaabani haijaingia, na barua hii na karatasi yako ya majina. Ataisoma kwa sauti mbele ya Bi Mize na watoto wa Pandu, bila kuruka mstari, na wa mwisho kuliko yote asiuruke. Kisha nakala itakwenda kwa waliorithi karatasi za kamati ile, waandike wanavyotaka. Kama Bi Mize atataka kunifukuza, nitakuwa nyumbani. Kama atataka kunimwagia ndoo ya maji ya chumvi, ngazi za kwangu zina ukali, amtume mwenye nguvu. Sitaomba chai. Sitaomba chochote nilichokuacha uombe kwa ajili yangu.

Lala sasa, Zuwena. Kalale kwa miaka yote ile. Mikono yako ilikuwa kweli. Kila ulichosema umekifanya, ulikifanya.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeweka kalamu mara mbili. Ukiisoma barua hii mpaka hapa unaweza kusema, Dokta alikuwa mtu mwenye kupenda sifa, akaficha bahasha, na mgonjwa akafa mbali naye bila ya yeye kujua. Bi Mize naye anaweza kusema hivyo, na akasamehe upesi, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Sitaki asamehe jambo dogo kuliko lililokuwapo.

Saa nne na robo, Alhamisi ile, nilikuwa kwenye ujia wa hoteli, nangoja kuitwa. Simu yangu ya mkononi ikalia. Ilikuwa Hemed. Alikuwa ametoka nje ya kliniki ili wagonjwa wasimsikie. Akasema, "Dokta, samahani kwa kukusumbua. Ninaye hapa mzee mmoja, Pandu Ame wa Bwejuu. Kadi inasema presha, lakini nimempima mara mbili, iko chini. Mwenyewe hasemi kitu, anasema tu utakavyoamuru. Naogopa kumpa. Nifanyeje?"

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Bwana mmoja mkubwa alikuwa amesimama ubavuni pangu, mkono umeshanyooshwa, anatabasamu, anasikia kila neno nitakalosema. Ningesema si presha hiyo, angeuliza ni nini basi, na kwa nini kadi inasema hivyo, na nani aliyeiandika.

Hemed hakuisema simu ile mbele ya kamati. Nilikuwa mwalimu wake, alinistahi. Aliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha.

Nililisikia jina, Zuwena. Nililisikia lote, la mtu, la baba yake na la kijiji chake. Nilimwona ameinama chini ya bati akinivuta bega. Nikasema, "Fuata kadi," nikaupokea mkono wa yule bwana.